Swali la Jikoni: Nilivyokwenda Marekani Kuandika Nyumba za Amu

Wasichana wetu wa hapa Amu, yani mji wa Lamu pwani ya Kenya, hasa waliomaliza chuo na wako nyumbani wanangoja kazi, wananisimamisha njiani kuniuliza ile safari ya Marekani niliipataje, na mimi kila mara nawajibu nusu nusu maana nina mzigo mkononi au boti ya kuvuka bara, Mokowe, yataka kuondoka. Basi leo nimekaa, mtoto kalala, nitasema yote niliyoyaona, hata yale yaliyoniuma, kwa sababu hayo ndiyo hasa hamwambiwi mnapoonyeshwa picha za watu wamesimama kwenye theluji wakitabasamu.

Kwanza tuelewane kitu chenyewe. Feloshipu ya mtafiti mgeni si masomo, huendi kuchukua digrii. Chuo au kituo cha utafiti kinakualika miezi mitatu, minne, wengine mwaka mzima, unapewa meza na ufunguo na kadi ya maktaba, na ukiwa na bahati unapewa posho, halafu unaachwa uandike kazi yako. Ziko zilizotengwa kwa ajili ya wanawake wanaofanya utafiti wa kifeministi kutoka nchi zinazoendelea, yani sisi, na ukilisoma tangazo unahisi kama limekuita jina.

Mimi utafiti wangu ni nyumba. Nyumba za mawe za Mkomani, mtaa niliozaliwa. Mgeni akija Lamu anaona milango ya nakshi na punda, anapiga picha anaondoka, lakini mimi swali langu ni jina lililoko kwenye karatasi ya nyumba, na ukianza kuuliza utashangaa ni nyumba ngapi za zamani zilikuwa za wanawake. Desturi ya waungwana wa mji huu ni kwamba baba akiwa na binti humjengea nyumba au humtengea, akiolewa mume ndiye anayehamia kwa mke. Kama kiwanja hakuna, baba alipandisha ghorofa juu ya nyumba yake, au alivusha chumba juu ya kichochoro kwa boriti mpaka nyumba ya ng'ambo, na hicho ndicho tunakiita wikio, ukipita chini yake unasikia kiza na ubaridi kumbe juu ya kichwa chako kuna watu wamekaa wanakunywa chai. Kwa bibi yangu kulikuwa na wikio la kutokea kwa dadake. Nilipokuwa mdogo nikitumwa na sahani ya mahamri iliyofunikwa kawa, nilipita humo humo nikafika, sikushuka njiani hata siku moja.

Na lazima niseme habari ya hiba maana bila hiyo hamtanielewa. Kwenye mirathi mtoto wa kike anapata nusu ya fungu la kaka yake, hilo kila mtu analijua. Hiba ni kitu kingine, baba anatoa akiwa hai na akili zake timamu, na ili iwe hiba ya kweli lazima atamke kwamba ametoa, binti akubali, na akabidhiwe kitu chenyewe, ashike ufunguo, akae. Ikishatimia haingii tena kwenye mirathi. Wazee wetu waliutumia mlango huo kuwalinda mabinti zao, na mimi nilitaka kuandika ulivyofanya kazi na unavyofungwa sasa hivi, kwa sababu Mji wa Kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, wanunuzi wa nje wanakuja, nyumba imekuwa pesa nyingi, na ndugu wa kiume ambaye zamani hakuwa na habari na karatasi za dadake sasa anazo habari. Nimekaa na wanawake waliotia sahihi kitu wasichokisoma. Nimekaa na mmoja aliyeniambia alijua nyumba imeuzwa siku alipoona mafundi wanapima mlango.

Ombi langu la kwanza lilikataliwa na nikilisoma leo naona walikuwa na haki. Niliandika kurasa tano za mwanamke wa Kiislamu wa pwani na dhuluma za mfumo dume, maneno makubwa makubwa, kwa sababu nilikuwa nabahatisha wao wanataka kusikia nini, na ndani yake hamkuwa na jambo hata moja ambalo mtu wa nje asingeweza kuliandika akiwa kwao. Wikio halikuwemo. Bibi yangu hakuwemo. Na barua ya mapendekezo nilimwomba mtu mwenye jina kubwa ambaye alikuwa hanijui vizuri, akaandika mistari mitatu, nafikiri ile mistari mitatu iliniharibia zaidi kuliko propozali yenyewe. Jamani barua mwombe mwalimu aliyesahihisha sura zako kwa kalamu yake, hata kama hajulikani nje ya kaunti, yeye ndiye anaweza kusema wewe unafikirije.

La pili nilikubaliwa. Nilishaanza kuwaambia watu, ma mkwe kashasoma na dua, halafu nikasoma ile barua tena taratibu usiku nikaona imeandikwa kituo kitatoa ofisi, maktaba na ushirika wa watafiti, basi, hakuna sehemu ya posho. Zipo nyingi za namna hii, na kwa mtu ambaye ana mshahara unaoendelea kwao au ana pesa kutoka pengine ni nafasi nzuri kweli, lakini kwangu mimi ilikuwa ni kuambiwa karibu nyumbani na mlango umefungwa. Niliandika kukataa kwa adabu. Nililia, sitaki kuficha.

La tatu nilianza na wikio. Sentensi ya kwanza kabisa ilikuwa ni mimi na sahani ya mahamri, ya pili ikauliza hiki chumba cha hewani ni cha nani kisheria. Baada ya hapo nikaeleza hiba, nikaeleza nina mazungumzo mangapi nimeshayarekodi na nimebakisha nini kuandika, na miezi minne nitaitumiaje wiki kwa wiki. Nikakubaliwa, kituo kimoja cha utafiti wa wanawake jimbo la Massachusetts, na posho.

Viza ni safari ndani ya safari. Wenyeji wanakutumia fomu ya mwaliko inaitwa DS-2019, ukiipata unalipa ada ya SEVIS, ule mfumo wa Marekani wa kuwaandikisha wanafunzi na watafiti wageni, dola 220 kabla ya intaviu, mbali na ada ya viza yenyewe, na intaviu ni Nairobi. Kwa mtu wa Nairobi hilo ni jambo la asubuhi moja. Kwangu mimi ilikuwa ni boti mpaka Mokowe, basi la alfajiri, vizuizi vya polisi na kusubiri msafara wenye ulinzi barabara ya Garsen, kulala Mombasa, treni, halafu kulala tena. Mimi niliondoka siku tatu kabla na nilifika na miguu imevimba. Angalieni pia kama viza yenu imewekwa sharti la kurudi nyumbani miaka miwili, mara nyingi linakuja kama pesa za feloshipu zinatoka serikalini, yao au yetu, na watu wengine hawalisomi mpaka siku wamepata kazi huko.

Mtoto wangu alikuwa na miaka tisa. Kituo hakikuwa na senti ya mtoto, ilikuwa uende peke yako au usiende. Ma mkwe ndiye aliyekata shauri, aliniona naizunguka zunguka ile barua siku mbili akaniambia kwa Kiamu chetu, "Enda mwanangu, mwana niwatie mimi," yani mtoto niachie mimi. Kila ninapoambiwa nilifika pale kwa bidii yangu nakumbuka hayo maneno, maana bila yule mama hakuna karatasi ningeandika.

Nikafika Januari. Baridi sitaieleza, mtaiona wenyewe, chukueni tu viatu vya kufunika kifundo na msiamini koti la mtumba la Gikomba mpaka mlijaribu. Kitu ninachotaka kueleza ni pesa. Posho ya kwanza iliingia wiki ya sita. Kumbe kulipwa kunahitaji namba ya kodi, namba inahitaji miadi, miadi inahitaji barua, akaunti ya benki inahitaji anwani, na mwenye nyumba kwa upande wake anataka kodi ya mwezi na amana siku unayopokea ufunguo. Hakuna aliyenifanyia ubaya kwa makusudi, ila mule ofisini hakuna aliyewahi kufikiria kwamba mtu anaweza kutoka kwao bila akiba ya miezi miwili. Nilikuwa na dola chache nilizouza mkufu wangu kuzipata. Na posho ilipoingia ilikuwa imekatwa kodi asilimia 14, Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kukuokoa hapo, kwa hivyo bajeti niliyopiga kwa penseli huku Amu ilikuwa ya uongo kabla sijapanda ndege. Ulizeni kabla ya kutia sahihi: nitalipwa lini mara ya kwanza, inakatwa kiasi gani, na bima ya afya ananunua nani. Wala msione haya kuuliza, mimi niliona haya na ile haya ilinila wiki sita.

Aliyenilisha hizo wiki sita ni jirani zangu. Tulikuwa watatu kwenye nyumba moja, mimi, mtafiti mmoja wa Bangladesh anayeandika kuhusu wafanyakazi wa viwanda vya nguo, na mmoja wa Brazil, wa Bahia, anayeandika kuhusu wanawake wanaofanya kazi za nyumbani za watu. Jiko moja, meza ndogo ya duara, dirisha linalotazama mti usio na majani. Nitarudi hapo.

Ofisini mwezi wa kwanza sikuandika kitu. Hilo nalo hamwambiwi. Mimi nimezoea kuandika kati ya alfajiri na mtoto kuamka, dakika arobaini, ndani ya hizo dakika arobaini nasikia maji yakichemka na najua nikichelewa mkate umeungua, sasa nimepewa chumba kimya kutwa nzima hakuna anayeniita na kichwa kimekataa. Nilikaa natazama ukuta. Nilidhani nimewadanganya watu. Halafu siku moja tu katikati ya Februari nikaanza kuandika chumba cha ndani cha bibi yangu, vile zidaka, vijishubaka vya kuwekea vitu, vilivyopangwa ukutani safu juu ya safu mpaka karibu na dari, kimoja kina kikombe cha kichina kilichopasuka kikagandishwa, kimoja kina udi, kimoja kina mswaki wake kwa kuwa alikuwa mtu wa kufanya mambo yake bila kuomba ruhusa, na nilipoinua kichwa nje kulikuwa kushaingia usiku na nimeruka chakula cha mchana. Sijawahi maishani kupewa siku nzima ya fikra zangu mwenyewe. Mwanamke wa kwetu anapewa saa, hapewi siku. Nasema kwa moyo wangu wote, kama kuna sababu moja tu ya kuomba hizi nafasi basi ni hiyo.

Machi nikatoa semina. Nilionyesha picha za zidaka, ramani ya wikio, karatasi mbili za hiba nikiwa nimeziba majina, nikaeleza sheria, dakika arobaini, nilikuwa nimejiandaa wiki mbili. Swali la kwanza likatoka kwa mama mmoja wa makamo, mpole, aliuliza mume wangu alinipa ruhusa ya kuja? Nilimjibu kwamba mume wangu anaishi kwenye nyumba yangu na hilo ndilo nililokuwa nikieleza kwa dakika arobaini. La pili likawa la buibui. La tatu likawa la usalama. Nikarudi kwenye kiti nimechoka kama niliyetwangishwa, sikuwa na hasira na yule mama, nilikuwa na huzuni kwamba nimekuja na nyumba nzima mabegani na watu wametazama nguo niliyovaa.

Jambo la profesa lilinikata zaidi. Alikuwa mwenyeji wangu, alinipokea vizuri, alinipa glavu za bintiye. Mwezi wa tatu akaniambia anaandika kazi inayolinganisha miji ya Waislamu ya bahari ya Hindi, na ingekuwa vizuri nimpe mazungumzo yangu yote niliyorekodi, yeye atatafutia mtu wa kuyatafsiri, nami nitashukuriwa kwenye utangulizi. Kushukuriwa! Wale wanawake hawakuzungumza na kinasa sauti, walizungumza na mimi mtoto wa fulani mjukuu wa fulani, mwingine aliniambia habari za kakake huku ameshika mkono wangu na akaniapisha. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya sayansi ya serikali yetu, kina jina langu mimi. Nikamwambia siwezi, nikamwambia kwamba naweza kuandika naye sura moja tukiwa waandishi wawili na majina mawili, akasema atafikiria, na tangu siku ile salamu zake zikawa fupi. Ningekuwa na karatasi ya makubaliano tangu wiki ya kwanza, inayosema data ni ya nani na jina la nani linakaa wapi, tusingefika pale, wala asingejisikia nimemkosea fadhila. Andikeni mapema, mkiwa bado mnapendana.

Wiki ile nilijificha maktaba, na huko nikakutana na jambo lililonipa nguvu. Mwezi wa Juni 1976, jimbo hilo hilo la Massachusetts, chuo cha Wellesley, ulifanyika mkutano mkubwa kuhusu wanawake na maendeleo, na wanawake wa Afrika na Asia walioalikwa wakajikuta wanasikiliza wengine wakiwaeleza wao maisha yao. Nawal El Saadawi wa Misri na Fatima Mernissi wa Morocco, pamoja na mwenzao Mallica Vajrathon, wakaandika kuukosoa waziwazi. Na Mkenya mwenzetu Achola Pala, aliyefanya utafiti wa wanawake wa Kiluo na ardhi, akaandika miaka hiyo hiyo kwamba maswali yanayoulizwa kuhusu mwanamke wa Afrika yanatungwa nje kwa haja za watu wa nje. Mwaka 1977 watafiti wanawake wa Afrika wakaunda jumuiya yao Dakar, AAWORD, rais wake wa kwanza Marie-Angélique Savané wa Senegal. Nilikaa chini sakafuni baina ya makabati ya vitabu nikayasoma hayo mpaka taa zinazozima zenyewe zikazima, nikapunga mkono zikawaka, nikaendelea. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Kumbe kilio changu kina mama zake.

Sasa turudi jikoni, maana huko ndiko feloshipu yangu ilikokuwa hasa.

Ijumaa jioni tulikuwa tunapika pamoja. Yule dada wa Bahia alikuwa anatengeneza samaki wao wa tui la nazi na mafuta ya mawese mekundu, mimi nikatengeneza samaki wa kupaka, tukacheka kwamba bahari mbili zimetumwa na mpishi mmoja. Alikuwa amekuja kwenye semina yangu na hakuuliza kitu. Sasa anakata kitunguu akaniambia nimweleze tena zile nyumba zilijengwaje. Nikamweleza kwa fahari, mawe ya matumbawe, chokaa ya kuchomwa, boriti za mikoko kutoka mikokoni kwetu, na ndio maana vyumba ni virefu na vyembamba, urefu wa boriti ndio upana wa chumba. Akauliza, "Nani alibeba mawe?"

Nikasema watumwa. Haraka, vile mtu anavyosema habari inayojulikana, nikataka kuendelea na boriti. Akaweka kisu chini. Akaniambia kwao utumwa ulifutwa 1888, na mama wa bibi yake alikuwa ameshazaliwa, na yeye utafiti wake wote ameufanya kutafuta wanawake ambao kwenye karatasi hawana jina la baba. Akauliza yule aliyekuwa akishuka njiani kuchota maji na kwenda sokoni, ili wewe na bibi yako mpite juu kwa juu, alikuwa nani?

Sikuwa na jibu. Yani nilikuwa nimefanya kazi ya miaka minne na sikuwa na jibu. Kwenye mwambao wetu utumwa ulifutwa kisheria 1907, si mbali, bibi yangu alizaliwa kwenye nyumba ambamo mamake alikuwa ameukuta utumwa. Na nilipolala usiku ule nikamkumbuka bibi mmoja wa mtaa wa Langoni aliyekuwa akija kwetu kila Idi, anakaa kwenye daka, ile baraza ya mlangoni, haingii ndani hata akikaribishwa, mamangu anampa kanga na unga, na hakuna siku nilimwuliza mtu yule ni nani wetu. Alikuwa akiniita bibi, vile mtumishi anavyomwita mwenye nyumba. Mimi mtoto wa miaka sita, yeye mzee wa meno mawili, ananiita bibi.

Wenyeji wetu wa kule wasingeweza kuuliza swali lile, kwao sisi sote watatu tulikuwa kitu kimoja, mwanamke wa nchi zinazoendelea. Na huku nyumbani haliulizwi, si kwa sababu watu hawajui, watu wanajua sana, kila mtaa unajua nani ni nani, bali kwa sababu ya heshima na kusitiri, na aliyefundishwa adabu haulizi. Ilibidi mgeni mwenzangu aulize, mwenye kidonda kama hicho kwao. Wikio langu lilisimama juu ya mwanamke mwingine. Hiba iliyomlinda bibi yangu haikumlinda yule wa daka. Nikafungua zile sura mbili nilizoziandika kwa furaha ile ya Februari nikazianza upya, na miezi iliyobaki haikutosha.

Ndio maana linaniumiza kwamba mimi na yule dada ilibidi tukutanie kwenye baridi ya watu, kwa pesa za watu, tukijibu maswali ya buibui mchana ili tupate kuzungumza ya maana usiku. CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi ya jamii la Afrika, iko Dakar tangu 1973. Cape Town ilianzishwa African Gender Institute, taasisi ya utafiti wa jinsia, mwaka 1996, nayo iliwahi kuwa na mpango wa kuwaalika wanawake watafiti wa Afrika wakae waandike. Kwa nini tusiwe na chumba kimoja Amu? Sisemi jengo, nasema chumba, kwenye nyumba moja ya Mkomani ambayo haijauzwa, aje mwanamke wa Ngazija, mmoja wa Pemba, mmoja wa kisiwa cha Msumbiji, mmoja wa Bahia, wiki sita, meza na ufunguo, na jiko lazima liwe moja. Nimeshaandika barua mbili kutafuta fedha, nitaandika na ya tatu.

Nimerudi Mei. Mtoto alikuwa amerefuka, alinishika nguo jioni nzima bila kusema neno.

Mwezi wa Julai niliwasomea wanawake wa kwetu ile sura mpya, kwa Kiswahili, kiwandani, yani ua wa ndani ya nyumba, kwa mama mkubwa, yeye ndiye anayeikaa nyumba ya bibi sasa. Nilipofika kwenye habari ya daka watu wakanyamaza. Binamu yangu mmoja akaondoka. Mama mkubwa akasema kwa sauti ndogo kwamba nimekwenda kusoma ili nije kuvua watu nguo, akanyanyuka akaingia ndani, hakutoka. Nilimwomba radhi kesho yake akaniitikia akiwa amegeukia ukuta. Wiki tatu hakupokea salamu yangu, na mimi sikuifuta ile sura, ila kila siku nilikuwa natamani niwe nimeifuta.

Wiki ya nne akamtuma mtoto na sahani ya mkate wa sinia, imefunikwa kawa ile ile. Chini ya kawa mlikuwa na bahasha. Ndani karatasi moja imekunjwa mara nne, ya rangi ya chai, herufi za Kiarabu, mstari wa kwanza baba wa bibi yangu anatamka kwamba ametoa nyumba yake kwa binti yake na binti amekubali na amekabidhiwa. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimwuliza mama mkubwa hiyo karatasi akiniambia ilipotea. Halafu mstari wa tano, baada ya mipaka ya nyumba, pamoja na vitanda viwili na kasha, pamejitokeza majina mawili ya kike. Hayana jina la baba. Moja la mwisho wino umeliwa na wadudu, nimelitazama kwa darubini ya mkononi na kwa mwanga wa dirisha, nasoma herufi tatu tu.